Uso wa Mama Ambao Sikuwahi Kuuona

Kuna siku moja ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ingawa wakati huo nilikuwa msichana mdogo wa kuchunga mbuzi. Nilichukua kipande cha mkaa jikoni kwa nyanya yangu, hapa hapa Kibirichia, nikachora uso wa mwanamke ukutani. Nikampa nywele nyingi, midomo mizuri, na macho makubwa yaliyokaribia kugusa nywele. Nyanya akaingia na karai la viazi, akasimama.

"Huyu ni nani?"

"Ni mama."

Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya. Hakuacha picha hata moja. Nyanya akautazama ukuta, kisha akasema, "Umemchora kama mtu unayemjua. Ulimuuliza nani?"

Nikaona aibu, nikafuta kwa kiganja. Nyanya alikuwa ananiambia niulize, mwanangu, nami nikadhani ananigombeza ninyamaze. Sikumuuliza siku ile, wala siku nyingine, mpaka naye akafariki. Baba naye hakuwa mtu wa kuulizwa habari za mama. Nikakua, nikaolewa, nikazaa, nikalima viazi, na kila nilipokutana na mtu aliyemjua mama aliniambia maneno yale yale: alikuwa mrembo, alikuwa mpole. Ukiambiwa hivyo, umeambiwa nini?

Basi juzijuzi, nikiwa tayari bibi kizee, binti yangu Kanana akaninunulia simu ya kugusa. Nilikuwa natafuta video ya ule ugonjwa unaonyausha viazi. Ilipoisha, ikaja nyingine bila kuitwa: mkono wa mwanamume, penseli na karatasi nyeupe. Alikuwa anafundisha kuchora kichwa. Aliongea Kiingereza, na Kiingereza changu ni kile cha darasa la saba, lakini mkono wake niliuelewa. Alichora duara, akalikata kidogo pande mbili, akaongeza taya chini yake. Nikacheka peke yangu. Kumbe kichwa kinaanza kama kiazi!

Kisha akapiga mstari katikati kabisa, nusu juu, nusu chini, akaweka macho hapo. Sikuamini. Nilienda kwenye kioo nikajipima kwa penseli. Ni kweli, macho yako katikati ya kichwa. Miaka yote hii nimetembea na kichwa changu na sikujua.

Tangu hapo sikutulia. Somo jipya likitoka, nilikuwa nalo, nachora nyuma ya kalenda za zamani. Kanisani nikawa naangalia masikio ya watu badala ya kusikiliza mahubiri. Sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia karibu na usawa wa ncha ya pua, mwanangu, jaribu kuangalia. Mzee mmoja wa kanisa alinifuata nje akaniuliza kama ana uchafu usoni.

Lakini kilichonishika zaidi ni kwamba uso unaweza kuulizwa kipande kwa kipande. Ndipo nikamfikiria dada yangu Nkatha, aliyeolewa Kianjai. Mama alipofariki, yeye alikuwa tayari msichana wa kutumwa sokoni. Sasa Nkatha ana presha ya macho. Daktari alimwambia wazi kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Nikaona nikikawia, mtu wa mwisho anayemkumbuka mama hataweza kuniambia kama nimepatia.

Nikaenda. Tukakaa kwenye veranda yake asubuhi, palipokuwa na mwanga.

"Nkatha, mama alikuwa na uso gani?"

"Alikuwa mrembo."

"Hiyo nimesikia. Taya yake ilikuwa nyembamba ama pana?"

Nikamchorea taya mbili. Akaileta karatasi karibu na jicho mpaka ikagusa pua.

"Sio hii. Hii ni ya shangazi. Ya mama ilikuwa pana kama ya mwanaume. Na mdomo alikuwa anaufunga hivi." Akaubana wake. "Halafu kope moja ilikuwa inaanguka kidogo. Heh! Gatwiri, nilikuwa nimesahau hiyo kope!"

Nilirudi Kianjai mara nyingi, nikifuta na kuanza upya. Kuna siku alichoka akaniambia nimwache marehemu apumzike. Nikarudi nyumbani, nikarudia somo la kope mpaka bando la intaneti likaisha.

Siku nyingine nikampa karatasi, akaielekeza kwenye mwanga, akaikunjia uso. Nikafikiri nimekosea tena. Akaanza kuigombeza, si mimi, ile karatasi.

"Ungeningoja. Ulinituma maji, nikarudi nikapata wameshakupeleka hospitali. Si ungeningoja kidogo tu?"

Hayo hakuwahi kunieleza maisha yetu yote. Nilimshika mkono, tukalia, wazee wawili. Alipotulia ndipo nami nikatazama vizuri. Mwanangu, mama yangu hakuwa mrembo. Alikuwa na taya pana, kope iliyolegea, na mdomo wa mtu asiyependa mchezo. Upole niliosimuliwa sikuuona. Nilimwona mwanamke mkaidi ambaye ningetamani kukaa naye siku nzima nikimuuliza maswali.

Sasa Nkatha haoni kabisa. Picha iko sebuleni kwake, na wajukuu wakija huwaelekeza waitafute ile kope.

Kwa hiyo nakuomba, usimwogope mtu mzima anayekuuliza swali kwa sauti nzito. Huenda anataka nawe umuulize. Usitosheke ukiambiwa fulani alikuwa mzuri. Uliza alivyocheka, alivyokunja uso akikasirika, alivyoshika jembe. Na kujifunza usiache, hata ukizeeka kama mimi. Hiyo simu yako itakufundisha mahali macho yanapokaa, lakini haimjui mtu wako aliyetangulia. Anayemjua yuko mahali fulani, kama Nkatha alivyokuwa Kianjai. Mwendee mapema.

Mungu akupe watu wa kuwauliza, awaweke mpaka umalize maswali yako. Na siku wewe utakapoulizwa, akujalie ukumbuke vizuri, na usione uchungu kusema.