Nilivyowasimulia Wafalme wa Uchina Bandani Ujiji

Siku ya kwanza niliajiriwa kufagia. Mzee Ramadhani, mwenye banda la video pale Ujiji, alinipa ufagio wa chelewa na ndoo, akasema, "Mama Zuhura, maganda ya karanga yote yawe nje kabla watu hawajaingia. Na deki usiiguse." Deki ndiyo ile mashine ya kuchezea kanda, ninyi wa simu hamkuikuta. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Nilikuwa mjane, Zuhura na wadogo zake wanataka kula. Nikafagia.

Banda lilikuwa la mabati, ndani limezibwa kwa turubai jeusi mwanga usipite. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, akina mama na watoto kwenye mikeka mbele. Kanda zilizopendwa zilikuwa za wafalme wa Uchina wa zamani, nazo ni Kichina kitupu. Kwa hiyo banda lilikuwa na msimuliaji, mtu wa kukaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, awaeleze watu nani ni nani na anataka nini. Wetu aliitwa Kashindi, mtoto wa watu wa Kongo. Kichina hakukijua hata salamu, alitazama nyuso akatunga. Nikiwa mlangoni na ufagio wangu nikajifunza. Suria ni mwanamke wa mfalme asiye malkia, na wako wengi. Towashi ni mtumishi wa kiume aliyehasiwa, ndiyo maana anaruhusiwa kuingia kwa wake za mfalme. Malkia mjane ni mama wa mfalme, huketi nyuma ya pazia na maneno yake ndiyo yanayotoka kinywani mwa mwanawe. Nilistaajabu mno. Kasri lenye milango mingi kuliko nyumba za Ujiji, na ndani yake hakuna anayekula mpaka mwingine aonje kwanza.

Majina niliyashika yote, hata ya masuria waliotokea mara moja wakanyweshwa sumu.

Kashindi akavuka ziwa kwenda Kalemie, hakurudi. Mzee Ramadhani akaniita. "Wewe majina yao unayajua?"

"Nayajua, Mzee."

"Basi kaa pale useme. Lakini nisikilize. Sasa ni mbalamwezi, dagaa havuliwi penye mwanga, wavuvi wako nchi kavu. Wasiponijazia banda mpaka giza lirudi nao warudi ziwani, nauza deki, humu naweka magunia ya dagaa. Nawe utafute pengine."

Kashindi alisoma nyuso. Mimi ni Muha, nikasoma magoti. Kwetu mtoto hufundishwa kusalimu kabla hajajua kula vizuri: nani ainame, nani apige viganja taratibu, nani angoje. Anayechelewa kuinama ana lake moyoni. Waziri Pang alichelewa kidogo tu kumwinamia mfalme, nikawaambia watu, "Huyu anakitaka kiti." Kanda mbili mbele akaleta askari mlangoni. Watu wakaguna kwa kuridhika.

Njia hiyo hiyo ikaniponza. Mfalme kijana aliingia chumbani akapiga magoti mbele ya kikongwe ambaye sura yake sikuwahi kuiona. Bibi yangu, aliyeziona zama za Mwami, mfalme wetu sisi Waha, aliniambia Mwami hampigii mtu magoti. Nikasema kwenye kipaza, "Jamani, mfalme kapinduliwa. Huyu bibi ndiye mtawala mpya." Akina mama wakasikitika. Picha iliyofuata, mfalme yuko kitini kwake na taji kichwani.

"Mama Zuhura," akasema mvuvi mmoja, Saidi Kabwe, kutoka benchi la nyuma, "karudishwa saa ngapi huyu? Au alikwenda kunywa chai?"

"Labda kapindua na yeye," akajibu mwenzake. Banda zima likacheka. Yule kikongwe alikuwa malkia mjane mwenyewe, safari hii nje ya pazia, mama yake mzazi, na Uchina hata mfalme humpigia mama magoti.

Mzee Ramadhani hakucheka. Kesho yake benchi la nyuma lilikuwa tupu, wamehamia banda la kule Rusimbi kutazama mpira. Akaja na fundi kupima ukuta wa kupanga magunia. "Imebaki kesho," akaniambia.

Kesho hiyo watu walikuja, wengine wamekuja kunicheka. Kwenye kanda mfalme kijana amekufa hana mrithi. Waziri Pang ana mtu wake wa kukalishwa kitini, na Towashi Lu, mkuu wa watumishi wa ndani, ana wa kwake. Malkia mjane akawashinda wote, akaleta mtoto wa ukoo, hajaacha vizuri kunyonya. Wakamvika joho la njano, rangi asiyoruhusiwa mwingine, wakampandisha kwenye kiti cha enzi. Kisha tukaonyeshwa uwanja wa mawe uliojaa watu mpaka jicho linachoka. Wote wakashuka kwa pamoja, paji la uso chini. Na mtoto akaanza kulia.

Kipaza kilikuwa mkononi, nikakishusha mapajani.

"Sema basi," Mzee Ramadhani akaninong'oneza kutoka mlangoni.

Ndipo Bi Tabu, kizee wa mtaa wa Kasingirima, akapiga magoti pale mkekani, akaanza kupiga viganja taratibu, kama alivyosalimiwa Mwami. Jirani yake akafuata, kisha mkeka mzima. Wavuvi wakaacha kutafuna karanga. Saidi Kabwe aliinamisha kichwa. Banda la mabati likawa baraza la mfalme, na Mzee Ramadhani akakaa chini kwenye vumbi.

Watu walipotoka, Saidi akamwuliza, "Mzee, kesho tunaendelea? Sisi ziwani tutakwenda jioni."

"Wahi. Mabenchi hayatatosha." Kisha akanigeukia. "Dagaa watatafuta pengine."

Nilisimulia mpaka Mzee Ramadhani akafariki, simu zikaingia mifukoni mwa watu, na macho yangu yakachoka. Sasa niko kijijini Simbo. Wajukuu huniuliza, "Bibi, kati ya wote wale, nani alishinda?" Wanangoja niseme malkia mjane.

Nawaambia jinsi kanda ile ya mtoto mfalme ilivyokwisha. Malkia mjane alimbembeleza mtoto, hakunyamaza. Towashi Lu akamchezea kengele, akazidi kulia. Akaja yaya, mwanamke ambaye hata jina hawakumpa, akapita katikati ya wale waliolala kifudifudi, akampakata. Mtoto akasinzia. Na uwanja mzima, mawaziri na majemadari, hakuna aliyethubutu kuinua kichwa mpaka yaya alipomaliza kubembeleza.