Nilijaribu website ya mteja kwa picha ya mwanangu kabla ya arobaini. Hadi leo sielewi nani alikuwa sahihi

Za humu ndani wakuu,

Naandika mtoto akiwa begani, herufi zikirukaruka mnivumilie. Haya yametokea nyumbani kwangu Zinga, mwezi huu huu. Sijatia chumvi, na hata ningetaka nisingejua niitie wapi, maana mwenyewe bado nimechanganyikiwa. Wale wa kataa ndoa piteni kimya kimya.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza website. Ofisi ni meza ya kulia chakula. Mke wangu Zuhura amejifungua mtoto wetu wa kwanza, binti, tumemwita Samira.

Kwa desturi angekwenda kujifungulia kwao Miono. Daktari akataka awe karibu na hospitali, basi tukakubaliana mama mkwe aje yeye kumlea mzazi. Akakwama shambani, ufuta wake ulikuwa umekauka, ukiuacha unapukutika wote. Shangazi yangu ndiye akawa anamkanda Zuhura.

Sasa watu wa pwani mnajua. Mtoto hajatimiza arobaini hatolewi ovyo, haoneshwi kila mtu, na picha yake haipostiwi. Zuhura alinikanya tangu wodini. Nikaitikia, na wallahi nilikuwa na nia ya kutii. Sikumtumia picha hata mtu mmoja.

Shida ikaja kwenye kazi.

Nina mteja Bagamoyo mjini, tumwite Bi Salha, anauza nguo za watoto. Juu kabisa ya website yake alitaka picha ya kichanga. Picha za bure mtandaoni zote ni vitoto vya kizungu vimelazwa kwenye vikapu vya manyoya, na joto letu hili! Nikasema ngoja nimweke Samira kwa muda, nipime tu picha inakaaje, halafu naitoa. Wenzangu wa fani hii mnajua, kitu cha "kwa muda" ndicho kinachodumu kuliko vyote.

Nikamtumia Bi Salha link ya majaribio aangalie rangi. Rangi hakuziangalia.

"Mashallah! Mtoto gani huyu mzuri hivi?"

Kabla sijajibu, link alishaimwaga kwenye magrupu yake yote.

Mchana wake simu ikaita. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Samira, huyu kwenye tangazo la nguo ni Zuhura mtupu alipozaliwa. Ni mjukuu wangu, au macho yangu?"

Link ilishafika Miono, kwenye grupu la kikoba chao. Na kumbukeni, mama mkwe alikuwa hajamtia mjukuu wake machoni hata mara moja. Kamwona pamoja na watu wasiojua hata jina lake.

"Basi kesho nakuja kuwachukua mama na mtoto," akasema. "Arobaini wataimalizia kwangu." Akakata.

Wakuu, niliumia. Nilishazoea kufanya kazi huku namsikia Samira anapiga chafya chumbani. Nikafuta picha, nikampigia mama kumwambia imefutika. Akaguna tu.

Alasiri ile ile Samira akakataa ziwa. Analishika, analia, analiachia. Zuhura akaniangalia, machozi yanamtoka.

"Umeona? Wameshamtupia jicho mwanangu."

Mimi mambo ya jicho siyaamini sana. Lakini mtoto wako akigoma kunyonya, elimu yote inakaa pembeni. Nilisimama mlangoni kama mgeni, sijui niombe radhi au nibishe.

Asubuhi mama mkwe akaingia. Hata kiti hakukalia, akatoa simu.

"Ulisema umefuta. Hii nini?"

Picha ipo. Nikafungua laptop, haipo. Nikarudi kwenye simu yake, ipo, imetulia.

"Mama, hiyo ni cache. Simu yako ilijiwekea nakala ulipofungua jana. Mtandaoni haipo tena."

"Haipo, na mimi naiona?"

"Unaiona wewe tu, mama."

"Na wale wengine waliofungua?"

Nikafunga laptop.

Akaomba maji, akayasomea dua, akampangusa mtoto uso. Alipomaliza, shangazi akasema twende na kliniki. Muuguzi akammulika Samira mdomoni, akatuonesha utando mweupe kwenye ulimi. Fangasi, kila akinyonya anaumia. Tukapewa dawa ya matone.

Jioni mtoto akanyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni.

Sasa hebu nisaidieni. Kwenye kazi yangu ukiwa na bug, yaani hitilafu, unabadilisha kitu kimoja, unajaribu, ndipo unagusa kingine. Hapa picha imefutwa, dua imesomwa, dawa imetiwa, karibu vyote kwa pamoja. Kilichotibu ni kipi? Mimi nasema matone. Ila sijathubutu kuirudisha ile picha.

Sijamaliza. Mama alikuwa bado na msimamo wake wa Miono, Zuhura ameshaanza kukunja kanga. Nikaona nioneshe nia njema.

"Mama, nipe simu niifute na humo, yaishe."

Akaibana simu kifuani.

"Acha."

"Lakini mama, si ndiyo iliyoleta..."

"Nimesema acha! Siku zote hizi nalala sijui mjukuu wangu kafanana na nani. Salamu unanitumia, picha hunitumii."

"Mama, si nilikatazwa? Si arobaini?"

"Arobaini ni kwa watu. Kwani mimi watu?"

Nilidhani nimegombezwa kwa kumwonesha mtoto, kumbe na kumficha kulikuwa kosa. Nikamwambia ukweli, kwamba wewe si watu mama, nisamehe. Alimtazama Samira aliyelala mapajani mwake, halafu akamwambia Zuhura arudishe kanga kabatini. Yeye mwenyewe atakaa nasi hapa hapa Zinga.

Nilichojifunza, ukiambiwa usimwoneshe mtu, uliza kwanza watu ni akina nani. Mengine yote nawaachia ninyi.

Mama bado yupo. Akitoka kuswali anamchukua mjukuu, anamlaza mapajani, halafu anafungua simu anaitazama picha yake. Nimemtumia nyingine nzuri zaidi, anasema hiyo ya kwanza ndiyo yake.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Na kama kuna fundi humu anayejua namna ya kuzuia cache isijifute kwenye simu ya mtu, aje inbox haraka.