Samaki wa Ndimu Mbele ya Wakwe

Mama yangu alizaliwa pwani ya kusini, ng'ambo ya Ruvuma, na mpaka anazeeka katika kambi ya mkonge pale Mazinde hakuwahi kukubali kwamba bahari iko mbali. Alipika kana kwamba iko nyuma ya nyumba. Perege alinunua kwa wavuvi waliotoka mtoni asubuhi, na ilikuwa lazima samaki wawe bado wanachezesha mikia, la sivyo aliwatukana wavuvi kwa Kimakua, nao wakacheka kwa kuwa hawakuelewa. Nazi zilikuja na treni kutoka Tanga, zikauzwa stesheni ya Mombo. Mndimu aliupanda mwenyewe kando ya bafu.

Alimpasua samaki, akamkamulia ndimu, akamwacha mpaka nyama ikaanza kuwa nyeupe, halafu akampitisha juu ya makaa kidogo tu. Juu yake akamwaga tui zito, na pembeni akaweka embe bichi lililokatwakatwa pamoja na pilipili na chumvi. Pale kambini walikuwapo Wanyamwezi, Waha na Wabena, kila mtu na chakula chake, na kila mtu akimcheka mwenzake. Sisi tulichekwa kwamba tunakula samaki wabichi. Mimi nilimpenda samaki yule kuliko nyama ya sikukuu.

Baba alikuwa mkata mkonge. Enzi hizo za Mwingereza wenyeji walituita manamba, maana kila mkataji aliandikwa kwa namba, na sisi watoto tuliozaliwa pale tukarithi jina hilo pamoja na pua za wazazi wetu. Baba hakukasirika. Karani wa shamba alikuwa amemweleza kwamba mkonge wenyewe uliletwa kutoka Meksiko, na kwamba mahindi na pilipili asili yake ni huko huko. Basi mtu akimwita manamba, baba alimuuliza, "Na huo ugali uliokula jana, mwenyeji wa wapi?" Mimi sikuwa na moyo huo. Jina lile liliniuma, na nilitamani siku moja niitwe kitu kingine.

Nafasi ikaja na fundi cherehani, Mzigua wa Handeni aliyekuwa akishona sokoni Korogwe. Alinipenda, nami nilimpenda, na dini yetu ilikuwa moja. Kilichobaki ni watu wake kuridhika. Mama yake alikuwa mpole, lakini neno la mwisho lilikuwa la shangazi yake, mwanamke mrefu mwenye macho ya kupima. Wakatuma habari kwamba watakuja kututazama.

"Mama, wapikie ugali na kuku," nilimsihi.

"Wanakuja kumchukua mwanangu. Acha wajue ametoka chungu gani."

Walifika saa nne, wamejaa vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Mama aliwaandalia perege wake kwenye sinia jeupe la bati. Niliitwa niwasalimie, nikapiga magoti, nikatoa shikamoo. Shangazi aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye sinia.

"Hawa wameiva?" aliuliza.

"Wameiva kwa namna ya kwetu," mama alijibu.

Shangazi akalisukuma sinia kwa ncha ya kidole, taratibu, kisha akanigeukia. "Na wewe, mwali, unakula hivi?"

Chumba kizima kilinitazama. Ningeweza kusema ndiyo, ingekuwa neno moja tu. Nikasema, "Hapana, shangazi. Mimi nakula ugali."

Mama alilichukua sinia, akatoka nalo, nikamsikia nyuma ya nyumba akimwita baba aje achinje kuku. Wageni walikula kuku, wakashiba, wakaniombea dua, wakasema watarudi na mahari. Mama alihudumu akiwa amesimama. Hakukaa nao mkekani hata mara moja.

Kuanzia siku ile hakupika samaki tena. Kila siku ugali na maharage, ugali na mlenda. Nilingoja anigombeze, maana mama alikuwa na ulimi, lakini alinisemesha kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko matusi. Baba alikula bila kuuliza, akinitupia jicho mara moja moja. Niliona aibu, na kwa kuwa nilikuwa mkaidi, aibu ile niliigeuza hasira. Nilijiambia, mwenda tezi na omo marejeo ngamani, atarudia tu samaki wake. Wapi! Wiki zilipita.

Mwishowe nilishindwa mimi. Nilikwenda mwenyewe kwa wavuvi, nikachagua perege watatu, nikamletea mama jikoni.

Aliwatazama. "Hawa nani atakula?"

"Mimi, mama."

"Mbele ya nani?"

Akawakaanga kwa chumvi tupu, kama wanavyokaangwa kila mahali, akaniwekea. Niliwaacha sahanini.

Siku ya mahari walikuja watu saba. Kwa desturi mwali hukaa ndani asionekane, na kula pamoja na wakwe ni utovu wa adabu usio na jina. Nililijua hilo vizuri. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeamka mapema, nimepasua samaki, nimekamua ndimu, nimekuna nazi, nikikisia vipimo kwa yale niliyoyaona tangu utotoni. Mama alinitazama tu kutoka mlangoni, mkono mdomoni.

Wageni walipokuwa wanakula kuku wao, nilitoka na sahani yangu, nikaketi mkekani, nikala. Mchumba wangu akainamisha uso. Mama yake akasema, "Astaghafirullah."

Shangazi aliacha kutafuna. "Wewe si ulisema huli?"

"Nilisema uongo, shangazi. Nimekulia chakula hiki. Mama ndiye aliyenilisha."

Niliiona ndoa yangu ikipanda basi la kurudi Handeni. Kisha shangazi akamgeukia mama, si mimi.

"Dada," alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, "mfundishe huyu vizuri. Kwetu mto uko mbali. Asije akakosa samaki akatukamulia ndimu kunguru."

Watu wakacheka, baba kuliko wote. Shangazi hakumwonja samaki yule, wala siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka anaingia kaburini. Lakini mama alinawa mikono, akaketi kando yangu mbele ya wakwe wote, akamvuta perege kutoka sahani yangu. Alionja, akasema chumvi imezidi, akala mpaka ikabaki miiba.