Jiwe Langu Kwenye Foleni

Krrr! Mlango wa bati wa duka la ushirika, Kariakoo, ukipandishwa: mlio ule bado ninausikia. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeweka jiwe langu kwenye foleni ya sukari linishikie nafasi, kama walivyofanya wengi, nikakimbia Gerezani kumchotea mama maji. Alikuwa amejifungua juzi, na uji wake haukuwa na sukari.

Niliporudi, mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye nafasi yangu.

"Jiwe halinywi chai, mwanangu," akasema.

Mzee wa mbele yangu, aliyewahi kuwa askari wa Mwingereza, akageuka. "Hili neno foleni tumelitoa kambini. Mzungu akiita 'fol in', kila mtu anaingia mstarini, mahali pake. Na mahali pa mtu hapaporwi. Mpishe binti, mama."

"Haya, afande." Akacheka, akarudi nyuma.

Nikapata kilo yangu. Nilihema kama niliyetua ndoo kichwani. Nikitoka, nikaona tofali la mtu ambaye hajarudi limeachwa nyuma, watu wamesogea. Nikalisukuma mbele kwa mguu, taratibu, nikaenda zangu.