Wamenitolea Shukrani Kanisani Kabla Sijapasuliwa

Mimi ni bibi wa miaka sabini na nne, au na sita, mama yangu hakuandika. Nakaa huku mlimani juu ya Tengeru, mjane, nina migomba na kahawa kidogo iliyobaki. Kusoma sijui. Anayeniandikia ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, nimemwambia asirembe. Admin, jina langu lifiche, maana mwanangu mkubwa ana simu tatu na zote anashinda nazo.

Huyo mwanangu ndiye ugonjwa wangu wa pili. Biashara ilipoachiwa huria akaanza kununua kahawa kwa wakulima, akapata gari, akahamia Sekei kule mjini, akawa mzee wa kanisa. Tumbo lake siku hizi linaingia ibadani kabla yake. Nimemzaa mimi, naruhusiwa kusema.

Basi. Mwezi uliopita nilikaa siku nne sipati choo, hata kujamba sijambi. Mwalimu anaona aibu, nimemwambia andika. Tumbo likavimba kama la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Mke wa mwanangu, yule wa kupaka kucha rangi na kumenya ndizi hajui, akanitazama akasema, "Mama amezidisha maziwa mgando." Daktari huyo! Mpaka nilipoanza kutapika ndio wakanipeleka hospitali.

Kule nikakuta daktari kijana, ana adabu. "Shikamoo bibi." Akanipiga picha, akanieleza mimi mwenyewe, si wao. Uvimbe umeziba njia kwenye utumbo mpana. "Tukikupasua leo umevimba hivi ni hatari, bibi. Kuna kibomba cha wavu wa waya, kimejikunja. Tunakipitisha huku nyuma, kikifika penye uvimbe kinatanuka, njia inafunguka. Ukipata nguvu unarudi, tunatoa uvimbe wenyewe."

Nikamwuliza, "Kwa hiyo hicho siyo dawa?"

"Siyo dawa, bibi. Kinatupa muda tu. Uvimbe bado upo."

Wakaweka. Hee! Kilichotoka sielezi, ila manesi walikimbia. Nikajisikia msichana.

Sasa sikieni upumbavu. Jumapili ya pili mwanangu akasimama mbele ya usharika, tai imemkaba, akatangaza mama amepona kabisa. Akaleta beberu na mikungu ya ndizi, vikapigwa mnada nje baada ya ibada, kwaya ikaimba, wamama wakapiga vigelegele. Nyumbani sherehe. Wakanipakulia loshoro, mahindi mazima kwenye maziwa, na daktari mahindi alikataza mpaka nipasuliwe. Nikasukuma sahani. Mke wake akasema, "Mama siku hizi anaringa, kisa kalazwa hospitali ya kulipia."

Nikamwambia mwanangu, Jumatano ya wiki ijayo narudi kupasuliwa. Akashika kichwa.

"Mama, nimeshatoa shukrani! Nikikurudisha hospitali watu watasema nilidanganya madhabahuni."

"Kwani hukudanganya?"

"Si unakula? Si unapata choo? Tumwachie Mungu."

"Mungu alikuambia lini kwamba nimepona? Daktari alisema mbele yako, unachezea simu."

Tangu hapo hapokei simu yangu. Mwanaume mzima anaogopa wanakwaya kuliko kumzika mama yake! Wadogo zake wawili nao wanasubiri neno lake kama kuku wanaosubiri kutupiwa chenga za mahindi. Nimezaa wanaume watatu, nikiwajumlisha wote sipati mmoja.

Na hospitali wanataka ndugu wa kusimama nami, na watu wa kunitolea damu. Mwalimu atanisindikiza, ila damu yake hawaitaki, ana presha na miaka sawa na mimi. Wenye damu ndio hao niliowazaa.

Jumapili hii, wakati wa matangazo, mchungaji huwa anauliza nani ana neno. Nimewaza ninyanyuke mimi. Niseme kibomba kiko ndani, uvimbe uko ndani, sijapona, naomba watu wa damu. Nikisema hivyo mwanangu kwisha habari yake, uzee wa kanisa wanamvua, na hata akiwa mpumbavu nilimbeba mgongoni. Nikinyamaza, anayekwisha ni mimi.

Nyie mnaosoma, hasa mliozaa, nipeni neno kabla ya Jumapili. Msiniandikie niombe, kuomba naomba. Niambieni tu, ninyanyuke au nikae?