Pipa la Mama Mkwe na Profesa wa Mbu

Mie chuo kikuu nilikuwa mpiga taipu, na mwaka ule nilipiga barua za kumbembeleza mzungu mmoja mpaka vidole vikaota sugu. Wafadhili walikubali kugharamia nafasi ya uprofesa wa utafiti, ila kwa sharti kwamba aishike mtu mwenye sifa duniani kote. Mkuu wa idara yetu akamtaka bingwa wa mbu, wale wanaozaliana kwenye maji ya majumbani. Tukamwandikia. Akajibu anashukuru. Tukamwandikia tena. Akajibu bado anafikiria. Kumbe chuo cha nchi jirani nacho kilikuwa kinamtaka, tena wenzetu walishamwahidi nyumba yenye bustani.

"Hiyo ni posa," alisema mama mkwe nilipomsimulia. "Sasa mahari mnayo?"

Mahari tutoe wapi? Nyumba tuliyomtengea profesa ilikuwa haina maji, na mimi ndiye niliyeandika kwamba maji yapo "kwa vipindi". Mungu anisamehe.

Siku moja mkuu wa idara akaniita, akafunga mlango. Zilikuwa zama za kupunguza wafanyakazi, na mlango wa bosi haukufungwa bure. "Mama," akaniambia, "huyu mtu akikubali, ofisi yake itahitaji katibu, na katibu ni wewe. Akikataa, jina lako limo kwenye orodha ya wanaopunguzwa." Mume wangu alishapunguzwa kiwandani, yuko nyumbani anacheza bao na wenzake waliopunguzwa. Sote tulikula kwa mshahara wangu, mama mkwe akiwemo. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kila mtu ana lake?

Halafu profesa akaleta faksi: anakuja siku tatu, na kabla ya kusema ndiyo au hapana anataka kuona kwa macho yake mtaa mmoja wa watu wa kawaida, na mbu wake. Mkuu akanitazama. "Nyie kwenu Temeke mbu si wapo?"

"Mbu? Bosi, kwetu mbu ndio wenye nyumba, sie wapangaji."

Nikaenda kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee wa Kizaramo mpenda sherehe. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu: Jumamosi anakuja profesa mkubwa kutazama mbu wa majumbani mwetu. Msifanye chochote. Kaeni kama mnavyokaaga siku zote.

"Nimekuelewa kabisa, mama," akasema. "Hutaaibika."

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Sikushtuka.

Jumamosi nilitoka alfajiri kwenda kumchukua mgeni hotelini, na mtaa niliuacha na uchafu wake wa halali. Tuliporudi saa nne na landrova ya idara, mie na mkuu na profesa, nilidhani dereva kapotea njia. Mchanga umefagiwa una mistari ya fagio la chelewa. Vifuu vya nazi vinavyolalaga nyuma ya kila jiko, hakuna. Matairi mabovu yamefukiwa. Dimbwi la pale bombani limejazwa kifusi, mtaro umemwagiwa oili chafu. Mapipa yote ya maji yamesuguliwa, yamefudikizwa juani. Mjumbe alikuwa amepiga msaragambo wa usafi, kaya nzima nzima zimetoka, na sasa kasimama mbele na kanzu yake ya Idi. Pembeni yake, fagio mkononi, kavaa khanga mpya, mama mkwe wangu.

Lazima nieleze kuhusu huyu mama. Kwa usafi alikuwa hana mpinzani, na ole wako ujifanye mpinzani. Nilipoolewa alinifundisha kuosha sufuria ambayo nilishaiosha. Alikuwa anapitisha kidole kwenye sahani zangu, anakitazama, halafu ananitazama mie. Wanawake wa mtaa walimwogopa kuliko bwana afya.

Profesa akashuka na mkoba wake wa vichupa na upawa wenye mpini mrefu. Akaingia nyumba ya kwanza, akachungulia, akachota, hakuna kitu. Watu wakapiga makofi. Nyumba ya pili hakuna kitu, makofi. Nyumba ya tano akina mama wakapiga vigelegele. Mzungu wa watu akaniuliza kwa sauti ya upole, hawa watu wamefanyaje? Nikaona haya kumjibu. Nyumba ya tisa akamwambia mkuu wa idara kwamba kule nchi jirani alipata viluwiluwi ndani ya saa moja, na hapa haoni kazi ya kufanya. Akafunga mkoba.

Nikamvaa mjumbe. "Si nilikwambia msifanye chochote!"

"Mama, we! Mgeni atoke Ulaya aje aone viluwiluwi? Mtaa huu una wenyewe."

Nikageuka nikakutana na mama mkwe anatabasamu, anangoja kusifiwa. Nikashindwa kujizuia. "Mama, leo mmeniachisha kazi."

"Kazi gani? Kwani kazi yako imo kwenye mbu?"

Nikamweleza yote, palepale, machozi yananitoka: orodha, mlango uliofungwa, kwamba huyu mzungu akiondoka hivi, mwisho wa mwezi tutakuwa wawili kwenye bao. Akamtazama mwanawe barazani, ana kete mkononi. Akawatazama wale akina mama aliowafokea tangu alfajiri, mmojammoja, kwa habari ya mapipa yao. Halafu akalegeza fundo la khanga yake, akatoa ufunguo.

"Mwite mgeni wako," akasema.

Nyuma ya jiko palikuwa na kibanda chake ambacho hata mie sikuwahi kuingia. Akafungua. Ndani mna pipa kuukuu, limefunikwa gunia lililotoboka: maji ya mvua, ya kuoshea nywele zake, maana ya bomba eti yanazikausha. Akavuta gunia mbele ya mtaa mzima. Wingu la mbu likatoka, likamfuata mjumbe na kanzu yake. Viluwiluwi vilikuwa vinacheza humo usione hata chini.

"Makubwa!" akasema jirani yetu. "Na sie katuamsha saa kumi na moja!"

Kicheko kilichopigwa pale, hata watoto walikaa chini. Mama mkwe kasimama wima, midomo kaibana. Profesa ndiye hakucheka. Alipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kaki, akapanga vichupa, akachota, akashangilia peke yake. Kisha akaniomba nimwambie mama kwamba tangu aanze kazi hii hajaona pipa zuri kama lile. Nikatafsiri.

"Mwambie anyamaze," akasema mama mkwe.

Profesa alitia saini kabla hajapanda ndege, na bustani ya watu akaiacha. Mie nikapata meza yangu, na mashine ya taipu ya umeme. Kila Alhamisi alikuja kuchota kwenye lile pipa, na ilikuwa marufuku kuliosha. Mama mkwe alikiona cha moto. Kila shughuli aliyokwenda, iwe ngoma, iwe arusi, lazima mtu aulize kwa sauti kama maji ya kunawa yametoka kwake. Alivumilia, yule aliyekuwa havumilii hata jivu jikoni.

Siku moja, tunaosha vyombo wawili tu, nikajikaza. "Mama, siku ile ulijiaibisha kwa ajili yangu. Sijakushukuru."

"Nani kajiaibisha? Nilisahau tu kumwaga maji." Akachukua sahani niliyokwisha kuiosha, akapitisha kidole, akakitazama, akanitazama. "Hii nayo umeiosha?"

Nikaichukua, nikaiosha tena.