Mota ya Paa na Ndala Nyekundu

Kama hujawahi kusikia maji yakicheza ndani ya buti la gari lako, bi harusi amekaa nyuma na wingu limekusubiri mbele, mshukuru Mungu wako. Dorika aliyasikia. Aliyasikia kwenye tuta la kwanza baada ya kutoka Issuna, chwaa, na kwenye tuta la pili yakarudia, chwaa, akapunguza mwendo.

Huyu Dorika ni yule mama wa Utemini, pale Singida mjini, anayebeba maharusi kwa gari jeupe la kufunuka paa. Ukibonyeza swichi, mota iliyoko ndani ya buti inanguruma, paa la turubai linajikunja lenyewe na kulala nyuma, na bi harusi anaonekana na kila mtu mpaka waliopanda juu ya miti. Gari hilo aliachiwa na mumewe, Chrispin, aliyelinunua likiwa mkweche, akalifufua kwa mikono yake, na akalipenda kiasi kwamba Dorika alikuwa akimwambia, "Siku nyingine utaliandalia na chai." Chrispin alipofariki, watu walisubiri kuona gari litauzwa kwa nani. Dorika akajifunga kitenge, akashika usukani mwenyewe. Waliocheka walicheka, halafu wakaanza kuja kumkodi.

Ila kulikuwa na shemeji. Gaspari, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa Issuna, sauti nzito na tumbo la kutangulia, alisimama siku ya kumaliza matanga mbele ya ukoo mzima akasema gari ni mali ya familia na mwanamke hawezi kulitunza. "Sawa, akae nalo," akasema. "Lakini siku litakayokwama njiani na harusi ya watu, siku hiyo hiyo tunaliuza." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Dorika hakuwa na mtu wa kumsemea, akaitikia na yeye. Tangu hapo ada za watoto wake, mkate wao, kodi ya nyumba, vyote vilikaa juu ya magurudumu yale, na kila akiwasha gari alikuwa anamwona Gaspari kwenye kioo, hata kama hayupo.

Leo alikuwepo. Tena si kwenye kioo, alikuwa kiti cha mbele, kwa sababu bi harusi mwenyewe alikuwa Belinda, binti yake.

"Shemeji, mbona unapunguza mwendo?" Gaspari akauliza.

"Matuta," Dorika akasema.

Alikuwa anasema uongo. Alishajua maji yameingiaje. Gari lile kila siku hulala chini ya turubai kubwa. Wiki ile jirani yake Eliza alifiwa na baba, na waombolezaji walikuwa wamekaa juani. Turubai la Dorika likaenda msibani. Ungefanyaje, umnyime mfiwa turubai? Mvua ikaja ikapiga siku mbili mfululizo, na mpira wa mlango wa buti ulikuwa umezeeka, umepasuka pasuka. Dorika alifuta viti, akafuta vioo, akalipamba gari kwa maua na riboni. Chini ya zulia la buti hakuangalia, na chini ya zulia, kwenye shimo la pembeni, ndiko ilikolala mota ya paa.

Halafu kuna jambo la matundu. Mwaka jana fundi Fredrick alimwambia: "Mama, mvua yenyewe siyo inayoua hizi mota. Zinauawa na maji yanayotuama. Tafuta matundu ya kutolea maji kule chini ya buti, uyasafishe kabla ya masika." Dorika akaenda akatafuta kwa tochi, asione tundu hata moja. Akajisemea basi, gari hili halikutobolewa. Wala hakurudi kumwambia fundi. Ajabu ya binadamu, anaweza kulala na swali ndani ya nyumba mwaka mzima kwa sababu tu anaona aibu kuliuliza!

Ngurumo ikapiga. Kule mbele, upande wa mjini, mbingu ilikuwa nyeusi tii, na upepo wenye harufu ya udongo uliolowa ukaanza kuvuta shela ya Belinda. Matroni wake akaidaka kwa mikono miwili.

"Mama mdogo, mvua hiyo!" Belinda akapiga kelele kutoka nyuma.

"Funga paa, shemeji," Gaspari akasema.

Dorika akaangalia swichi. Ilikuwa hapo, karibu na goti lake. Akibonyeza na mota iko ndani ya maji, inaungua, na harufu yake Gaspari ataisikia kabla ya mtu yeyote. Asipobonyeza, bi harusi analoa, shela, nywele, kila kitu, binti wa mtu yule yule anayetafuta sababu. Jamani!

Akaegesha pembeni ya barabara.

"Nini tena?" Gaspari akageuka mzima mzima.

"Nakuja." Dorika akashuka, akafungua buti, akatoa sanduku la bi harusi, akatoa boksi la vyombo vya zawadi, akafunua zulia. Loo! Maji yalikuwa yamejaa kwenye shimo, meusi, yamefika katikati ya mota, yamebakiza kidole kimoja kugusa nyaya. Kila tuta alilopita lilikuwa limeyarushia juu kidogo. Akapiga simu.

"Fredrick baba, mota iko majini."

"Umebonyeza?"

"Sijabonyeza."

"Usithubutu! Zibua tundu maji yatoke."

"Halina matundu hili gari, nilitafuta mwaka jana."

"Mama, hakuna gari la paa la kukunja lisilo na matundu. Yapo. Tafuta kwa vidole, achana na macho. Pembeni kabisa, chini kabisa."

Akatoa jagi jipya kwenye boksi la zawadi, Mungu amsamehe, akaanza kukomba maji na kuyamwaga barabarani. Gaspari naye akashuka. Suti yake ya kijivu ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Akaja akasimama pale nyuma, akaona maji, akaona jagi la binti yake, akasema polepole kama mtu aliyepewa kitu alichokitafuta siku nyingi:

"Kwa hiyo limekwama."

"Halijakwama, shemeji. Limeingia maji."

"Na harusi ya mwanangu iko ndani yake."

Dorika alikuwa ameingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anapapasa sakafu ya bati chini ya tope laini la vumbi la miaka. Vidole vikagusa kitu. Si bati. Kilinepa kidogo. Akakichimba kwa kucha, kikagoma, akakichimba tena mpaka kucha ikavunjika, kikachomoka, na maji yakaanza kushuka, glu glu glu, yakimwagika chini ya gari. Akahamia upande wa pili. Kulikuwa na kingine. Nacho kikatoka.

Akafungua kiganja. Vipande viwili vya mpira mwekundu, vimechongwa kwa kisu vikawa duara safi kabisa, vyenye vijinundu vya kuzuia utelezi. Akavitambua pale pale. Moyo ukampasuka, lakini haukuwa wakati wake. Akavitia mfukoni.

Tone la kwanza likamwangukia shingoni.

"Baba, nimelowa!" Belinda akalia.

Gaspari akazunguka mbio, tumbo na yote, akainama dirishani upande wa dereva, mkono unaelekea kwenye swichi. "Kama wewe hutaki kubonyeza, nabonyeza mimi!"

Dorika alifika sijui kwa miguu gani. Akachomoa ufunguo, akaushika kifuani.

"Shemeji, toa mkono."

Alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa mkubwa yeyote maishani mwake, na wote wakaisikia. Gaspari akautoa mkono.

"Mota imelowa. Ukiipa moto sasa hivi umeiua," Dorika akasema. "Paa tunalifunga kwa mikono. Nalegeza nati moja huku nyuma, paa liachane na mota, halafu mtu mmoja anavuta huku na mwingine kule. Mimi nashika upande huu."

Akachukua spana, akalegeza nati. Akashika ukingo wa paa upande wake, akasubiri. Gaspari amesimama, mikono mfukoni, matone yanachora madoa kwenye suti. Hakusogea. Uso wake ulikuwa unasema wazi, acha aumbuke.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Belinda huyo, kanyanyua gauni mpaka magotini, viatu vyeupe ndani ya tope, akashika ukingo wa upande wa pili.

"Haya, mama mdogo. Tuvute."

"Wewe! Gauni hilo!" baba yake akafoka.

"Basi njoo ushike wewe, baba!"

Mbele ya matroni, mbele ya dereva wa lori aliyekuwa amepunguza mwendo kutazama, Gaspari hakuwa na pa kwenda. Akamsogeza binti yake, akashika. Wakavuta. Paa lilikuwa zito, likapanda kwa kulalamika, likasimama katikati, wakalisukuma, likafika kwenye kioo cha mbele, na Dorika akalibana kwa komeo. Wameingia ndani tu, mvua ikashuka yote kwa pamoja.

Kanisani walifika wamechelewa kidogo, bi harusi kavu, isipokuwa viatu. Vigelegele vikapigwa. Gaspari aliposhuka alimwinamia Dorika dirishani.

"Paa la swichi tumelifunga kwa mikono, barabarani. Umeona mwenyewe. Jumatatu nakuja na wazee."

Kesho yake, Jumapili, Dorika hakwenda ibadani. Fredrick alikuja akaitoa mota, wakaipangusa, wakaianika juani kwenye kanga kavu, wakasafisha tope lote kwenye lile shimo na kupitisha waya kwenye matundu mpaka maji ya ndoo yakamwagika upande wa pili bila kusita. Wakairudisha mota juu ya kipande cha ubao, iwe imeinuka hata maji yakija tena. Mpira wa mlango wa buti wakaubadilisha. Fredrick akataka kujaribu.

"Hapana," Dorika akasema. "Ataijaribu mwenyewe." Usiku huo hakupata lepe la usingizi, maana na yeye hakujua kama ni nzima.

Jumatatu Gaspari akaja na wazee wawili. Dorika akawaamkia shikamoo, akawapa viti na chai, halafu akaweka ufunguo kwenye kiganja cha shemeji yake.

"Nenda kabonyeze."

Gaspari akaingia ndani ya gari, akawasha, akabonyeza. Kimya. Dorika alihisi watoto wake, nyumba, kila kitu kinamtoka miguuni. Halafu kule nyuma mota ikakohoa, ikanguruma, na paa likainuka, likajikunja, likalala mahali pake taratibu. Gaspari akabonyeza tena, likarudi. Akabonyeza mara ya tatu, mpaka mzee mmoja akamwambia, "Inatosha, Gaspari, utaliua wewe sasa."

"Maji yaliingiaje?" akauliza aliposhuka. Hakutaka kushindwa kirahisi.

Dorika akatoa vile vipande viwili vyekundu. "Matundu yalikuwa yamezibwa na hivi. Maharusi walikuwa wanalalamika vumbi linaingia kwenye buti, linachafua mashela. Sasa kuna mtu akaona azibe."

Gaspari akachukua kipande, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye vile vijinundu. Alipoongea, ile sauti nzito haikuwepo.

"Ndala hizi nilimnunulia mimi. Tulikuwa tunatoka Nzega, tukasimama Shelui kula, ndala zake zikakatika. Nikamnunulia nyekundu, akasema nimemchagulia za kike."

"Moja ilikuwa haina kisigino," Dorika akasema. "Nikamuuliza kisigino kiko wapi. Akaniambia kimeliwa na mbwa wa Eliza."

"Chrispin alisema hivyo?"

"Na mimi nikatoka na mwiko, shemeji, nikamchapa yule mbwa!"

Akaanza kucheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, hakuyazuia. Wazee wakatazama vikombe vyao. Gaspari alikifunga kile kipande kwenye leso yake, akakitia mfuko wa shati, na ule ufunguo akauweka mezani mbele ya Dorika. Habari za kuuza gari hazikutajwa tena siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Jioni Dorika akachukua mifupa yote ya kitoweo alichowapikia wageni mchana, akavuka uzio mpaka kwa Eliza, akaiweka chini karibu na mlango wa jikoni. Mbwa alimtazama kwa mbali, mkia umebanwa. Hakusogea kula mpaka alipohakikisha mama yule ameondoka na mikononi hana mwiko.